Bamdogo anataka kisu, ila cha chuma gani?

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, lakini si mnajua UE zikianza mtu hata kuchana nywele anasahau. Zimeisha Ijumaa, nimelala siku mbili mfululizo, sasa nina bando na nina muda. Leo siongelei bumu wala maji ya hosteli. Leo naongelea kisu cha mfukoni, na hasa hasa chuma cha kile kisu.

Msicheke. Ni swali zito kuliko linavyoonekana, mimi limenichukua wiki tatu.

Habari yenyewe ni hii. Bamdogo wangu anakaa upande wa Kongwa, ana ng'ombe wachache, mbuzi, na shamba la mtama na alizeti. Miezi mitatu iliyopita alinitumia shilingi 40,000 kwenye simu, halafu akapiga. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye hoja: "Sikia mama, ninunulie kisu kidogo cha kutembea nacho. Kizuri. Wewe si unasoma mambo ya vyuma?" Kweli nasoma uhandisi wa uchakataji wa madini hapa UDOM. Kwa ukoo wetu maana yake ni kwamba kila kinachong'aa ni taaluma yangu: sufuria, pete ya harusi, rimu ya pikipiki, na sasa kisu.

Bamdogo hakuwa anataka kisu cha maonyesho. Mwaka jana mbuzi wake mmoja jike, mwenye mimba, alijisokota kwenye kamba ya manila usiku, kamba ikamkaba shingo. Bamdogo alifika akiwa na kile kisu chake cha kukunja alichonunua mnadani. Akasugua kamba, akasugua, kisu kinateleza tu. Makali yalikuwa yamekwisha zamani, na kila akinoa yanadumu siku moja. Mpaka mtoto anarudi na panga kutoka ndani, mbuzi ameshakata roho. Mbuzi yule ndiye aliyekuwa auzwe Januari ili mdogo wetu apate sare, madaftari na godoro la kwendea kidato cha kwanza. Mtoto alikwenda shule, ila kwa deni ambalo lililipwa baada ya mavuno. Kwa hiyo mzee akisema "kizuri" anajua anasema nini.

Nikaanza kuulizia. Duka la kwanza tu kaka muuzaji akanielekeza kwenye visu vya jikoni. Nikamwambia hapana, cha mfukoni, halafu nikamuuliza ni chuma gani. Akageuza kisu akasoma: "Stenlesi." Ndo basi, maelezo yameishia hapo.

Hapa inabidi nifundishe kidogo, mnivumilie. Mtaani ukisema "chuma cha pua" watu wanaelewa stenlesi, kile kisichoshika kutu. Lakini pua, au feleji kama wazee wa pwani walivyoita, ni chuma chochote kilichochanganyika na kaboni kidogo. Kaboni ndiyo inayofanya chuma kiweze kugeuka kigumu ukikipasha moto na kukizamisha ghafla. Chuma cha nondo za kawaida kina kaboni kidogo mno, hakishiki makali ya maana. Chuma cha kisu kinataka kama nusu asilimia kwenda juu, na vingi havivuki asilimia moja na nusu. Yaani kwenye kilo nzima ya chuma, tofauti kati ya kisu na kijiko ni gramu tano au kumi za kaboni. Mimi hilo jambo hunishangaza kila nikilifikiria.

Stenlesi yenyewe ni chuma hicho hicho kilichoongezewa kromi, angalau asilimia 10.5, na kwenye visu mara nyingi 13 na zaidi. Kromi inatengeneza utando mwembamba juu ya chuma, kutu inakosa pa kuingilia. Mwingereza Harry Brearley wa Sheffield alikiyeyusha chuma cha namna hiyo mwaka 1913, na muda si mrefu kikaingia kwenye visu vya mezani. Kwa hiyo neno "stenlesi" linakwambia habari ya kutu tu. Habari ya makali halikwambii kabisa. Kuna stenlesi yenye kaboni asilimia 0.3, laini, inanoleka kwa dakika mbili na kufa kwa siku mbili. Na kuna stenlesi yenye kaboni mara tano ya hiyo. Zote zimeandikwa neno lile lile.

Nilivyorudi hosteli nikaitisha baraza. Rumeti wangu ni mtu wa Tanga, kwao wanavua. Yeye hakuwa na mjadala: stenlesi. Anasema kwao kisu cha chuma cha kawaida ukikiacha mezani usiku, asubuhi kimeota ndevu nyekundu. Chumvi ya bahari na unyevu havichezi. Mwenzangu mwingine wa darasani, kijana anayeshinda kwenye video za visu vya Wazungu, akaleta orodha ya majina kama ya roketi: D2, S30V, MagnaCut. Akasema hivyo ndivyo vyuma, vingine ni bati. Nikamuuliza bei, akanyamaza.

Nikakaa nikazisoma zile orodha kwa makini, maana sipendi kudharau kitu nisichokijua. Kumbe chuma cha kisu kinapimwa kwa mambo manne, na ubaya ni kwamba yanavutana. La kwanza, makali yakae muda mrefu. La pili, kisimeguke wala kuvunjika ukikibana. La tatu, kisishike kutu. La nne, kinoleke. Ukiongeza moja, mara nyingi jingine linapungua.

Chukua D2. Ina kaboni kama asilimia moja na nusu na kromi kama 12. Ni chuma cha kutengenezea vifaa vya kukatia na kubana vyuma vingine viwandani, watu wakakipeleka kwenye visu. Makali yake yanadumu sana. S30V ni cha Wamarekani, kilitoka mwaka 2001, kina vanadi asilimia 4. MagnaCut ni cha mwaka 2021, aliyekibuni ni mtaalamu wa vyuma anayeitwa Larrin Thomas, na sifa yake ni kwamba amejaribu kupatanisha kutu, uimara na makali kwa pamoja. Ni kazi nzuri, siwezi kubisha. Ndani ya vyuma kama hivi kuna chembe ndogo ndogo ngumu ajabu, kaboni imeshikana na kromi au vanadi. Hizo chembe ndizo zinazofanya makali yasilike upesi.

Sasa hapo ndipo nilipokumbuka bamdogo ananolea wapi kisu chake. Ananolea kwenye jiwe. Jiwe la kweli, lililoko nje ya nyumba, karibu na kizimba cha kuku. Mnaojua Dodoma mnajua huku kuna mawe ya matale kila kona, mwamba wa granaiti umetokeza juu ya ardhi kama migongo ya tembo. Kwenye granaiti kuna punje za kwazi, na kwazi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida cha kisu, ndiyo maana jiwe linakula chuma na kisu kinapata makali. Lakini zile chembe za vanadi ni ngumu kuliko kwazi! Zile za kromi kwenye D2 nazo ni hivyo hivyo. Jiwe la bamdogo litakula chuma kilichozizunguka chembe, chembe zenyewe litaziacha. Visu vile vinataka mawe ya almasi au ya kiwandani. Nikimpelekea mzee S30V, atafurahi wiki kadhaa, halafu siku kikiwa butu atabaki na kipande cha chuma cha bei ya mbuzi mzima ambacho hawezi kukirudisha. Usiku kamba ikimkaba mbuzi, tumerudi pale pale.

Tena kuna vumbi letu. Dodoma kuna upepo, na upepo wetu una mchanga. Kamba imejaa mchanga, ngozi imejaa mchanga, muhogo ndo usiseme. Mchanga ni ile ile kwazi. Kila unapokata kitu chenye vumbi unasugua makali kwenye sanduku la jiwe la kunolea, ila kwa upande mbaya. Hakuna chuma kisichokuwa butu katika mazingira hayo. Kwa hiyo kwa mtu wa huku swali la kuuliza si "kitakaa na makali miezi mingapi?" Swali ni "kikiisha makali, nitayarudisha kwa dakika ngapi, na kwa kitu gani nilichonacho?"

Na kutu je? Hapo rumeti wangu ana haki kwa Tanga, ila Dodoma sio Tanga. Huku mvua kwa mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, mafuta ya kupaka yanaisha kabla ya bumu. Chuma kisicho na kromi kinaishi vizuri hapa kama unakifuta na kukipaka mafuta kidogo ya kula. Kampuni ya Opinel ya Ufaransa, ambayo imeanza visu vyake mwaka 1890, mpaka leo inauza kisu kile kile kwa chuma cha aina mbili, cha kaboni na cha stenlesi. Hawajaamua kipi ni bora, wanakuachia wewe unayejua unaishi wapi.

Basi nikapiga hesabu ya 40,000. Kisu cha kiwanda chenye chuma kinachojulikana kilikuwa kinaelekea kuimaliza yote, na vile vya bei ndogo hakuna anayeweza kukwambia ndani kuna nini. Ndo nikamkumbuka fundi mmoja, mhunzi, anafua visu na mashoka kandokando ya njia ya kwenda kwetu. Chuma chake ni springi za gari zilizochoka.

Msiidharau springi. Zile bapa zilizopangwa chini ya magari ya mizigo zimetengenezwa kwa chuma chenye kaboni kama asilimia 0.5 au 0.6, na kazi yake ni kupinda mara milioni bila kuvunjika. Yaani ule uimara tunaoutafuta umo tayari. Makali yake hayatashindana na D2 kwa kudumu, lakini hakimeguki ovyo, na jiwe lolote linakila. Tatizo lake ni kwamba huijui historia yake. Springi inaweza kuwa na ufa mdogo usioonekana, kwa hiyo unachagua kipande kisicho na mikwaruzo mirefu wala alama za nyufa, na fundi mzuri anakitupa kikilia vibaya akikigonga.

Nilikwenda Jumamosi moja, nikakaa pale kwenye kigoda tangu saa nne. Nimejifunza mengi kwa saa tatu zile. Jina la chuma ni nusu ya habari tu, nusu nyingine ni moto. Chuma kile kile ukikipasha vibaya unapata kijiko au unapata kioo. Fundi alipasha bapa kwenye mkaa, mvukuto wake ni rimu ya baiskeli inayozungusha feni, akawa anaangalia rangi. Ameweka kibanda chake kivulini makusudi, kwenye jua huwezi kuona rangi ya moto sawasawa. Mimi nilibeba sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, maana darasani tulifundishwa kwamba chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku inakikataa, na kuzamisha kunafanyika juu kidogo ya hapo. Nikamwomba tujaribu. Rangi aliyosema yeye "bado" sumaku ilikuwa bado inanasa. Rangi aliyosema "sasa" sumaku ilikuwa imeachia. Akacheka, akaniambia hiyo sumaku yako ni mwanafunzi mzuri.

Akazamisha kwenye mafuta machafu ya injini, sio maji. Maji yanapooza kwa ghafla mno na springi inaweza kupasuka. Kisha akachukua tupa akaipitisha kwenye makali. Tupa ikateleza kama juu ya chupa, haikung'ata. Hiyo maana yake chuma kimekuwa kigumu kweli. Watu wengi wangeishia hapo wakafurahi, lakini kisu cha hali ile ukikiangusha kwenye sakafu kinaweza kukatika. Fundi akakisugua mpaka kikang'aa, akakilaza kando ya makaa, mgongo ukielekea moto, tukasubiri. Rangi ikaanza kutembea juu ya chuma, njano hafifu, halafu rangi ya majani makavu. Ilipofika kwenye makali akakitoa haraka. Akasema: "Chuma kikitoka kuzamishwa kina hasira, lazima ukitulize." Mimi kwenye daftari langu nina kurasa nne za jambo hilo na sijawahi kuliandika kwa ufupi namna ile.

Jambo jingine nililolifikiria nikiwa pale. Nchi hii haikuanza kujua feleji kwa springi za gari. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kwenye jarida la Science kuhusu Wahaya wa Kagera. Wazee wa kule waliwajengea tanuri kama za babu zao, wakayeyusha, na kilichopatikana kilikuwa na chuma cha kaboni ndani yake. Mabaki ya tanuri za zamani za eneo lile yana umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Wataalamu wengine walibisha baadaye jinsi hewa ilivyokuwa ikipashwa moto kabla ya kuingia tanurini, huo ni mjadala wao, lakini feleji ilikuwepo. Na Ufipa kulikuwa na malungu, tanuri ndefu kupita kimo cha mtu ambazo zilivuta hewa zenyewe bila mvukuto. Mimi niko mwaka wa tatu na mengi ya haya nimeyasoma kwa kiherehere changu, sikuulizwa kwenye mtihani wowote.

Kisu kilitoka na bapa la urefu wa kidole cha kati. Hakikunjiki, ila kina ala ya ngozi na kinakaa mfukoni vizuri. Kwa kweli kisichokunjika ni salama zaidi kwa kazi ya bamdogo, hakuna kiungo cha kujaa mchanga wala cha kufungia vidole. Bei 15,000 pamoja na ala. Nikampelekea mwenyewe. Akakigeuzageuza, akanyoa nacho vinyweleo vya mkono, akauliza kinanolewa na nini. Nikamwonyesha jiwe lake lile la kwenye kizimba. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, halafu akasema chenji yote ni ya kwangu, nijinunulie changu.

Nimejinunulia, na hapa mtanishangaa: changu ni stenlesi, cha kukunja, laini kiasi. Sababu ni maisha yangu. Mimi nakata zabibu, maembe, malimao ya chai, nakoroga ubuyu na kisu hicho hicho, halafu nakitupa kwenye begi bila kukifuta kwa sababu kipindi kimeanza. Asidi ya matunda inakula chuma cha kaboni upesi, kisu kinakuwa cheusi na embe linapata ladha ya msumari. Victorinox wa Uswisi wanaachia visu vyao kwenye ugumu wa kama 56 kwa kipimo cha Rockwell, ambao ni wa chini ukilinganisha na 60 na zaidi za wale wenye majina ya roketi, na bado watu wanavitumia miaka 20. Wanajua mteja wao atanoa chini ya kikombe cha kauri jikoni. Changu sio Victorinox, mfuko hauruhusu, lakini chini ya kikombe kinanoleka.

Kwa hiyo nikiulizwa chuma gani ni bora, nami nauliza: unakaa wapi, unakata nini, na nani atakinoa? Wa Tanga achukue stenlesi. Mwenye jiwe la almasi na pesa achukue D2 na ndugu zake, hatajuta. Mfugaji wa Kongwa mwenye jiwe nje ya nyumba achukue springi iliyotulizwa vizuri. Na dukani kama hawajui chuma gani, nenda na tupa ndogo, omba uiguse nyuma kidogo ya ncha. Ikikwaruza kirahisi kama kwenye msumari, rudisha. Muuzaji akikataa, nalo ni jibu. Wa hosteli, ulizeni kwanza kanuni zenu kabla ya kuingia nacho, na kwenye ndege kiwekeni kwenye mzigo wa chini msije mkanyang'anywa.

Bamdogo alipiga simu wiki iliyopita kuuliza matokeo. Matokeo bado, nikamwambia. Nikauliza kisu. Kimekuwa cha kijivu na madoa ya kahawia, anakinoa kila Jumapili jioni, na kamba ya manila anaikata kwa mvuto mmoja. Mbuzi wamezaa watatu.

Kama kuna mdau ana fundi mzuri wa visu upande wa Mpwapwa au Kondoa, aniandikie anafanyaje kwenye kutuliza chuma, nataka kulinganisha. Ngoja nikafue nguo kabla maji hayajakatika. Tuonane wiki ijayo.